Ukumbi Ndani ya Santuri

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa zaidi kumsifu mtu asiyekisahau kwao, lakini ndani yake imo kanuni ya sanaa ambayo wahakiki wameipita bila kuitazama. Mchezo una watu wawili: yupo achezaye na yupo atunzaye. Huyu wa pili si mtazamaji mtupu. Atoapo sarafu, au apigapo kigelegele, au ainukapo kitini pake, amesema neno. Na mchezaji hulisikia neno hilo na kulijibu. Mchezo wa baada ya tuzo si ule uliokuwapo kabla ya tuzo. Basi liko swali ambalo hatuna budi kuulizana, sisi ambao sehemu kubwa ya muziki tuujuao tumeupata kwa mashine: muziki unapotiwa ndani ya santuri, yule atunzaye huenda wapi?

Swali hili nimelipata kwa kusikiliza santuri ya gitaa iitwayo Full House, ya Mmarekani Wes Montgomery. Ilinaswa tarehe 25 Juni 1962 katika klabu moja iliyoitwa Tsubo, mjini Berkeley, jimbo la California, mbele ya wasikilizaji. Wes alipiga gitaa, Johnny Griffin saksafoni, Wynton Kelly piano, Paul Chambers besi, na Jimmy Cobb ngoma. Hao watatu wa mwisho walikuwa watu wa kundi la Miles Davis, nao walikwisha zoeana kama vidole vya mkono mmoja. Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Jina la santuri lina maana mbili: ni ukumbi uliojaa watu, na katika mchezo wa karata ni mkono uliotimia kwa karata tano. Wapigaji walikuwa watano. Hoja yangu ni kwamba ndani ya santuri hii wamo sita, na kwamba huyo wa sita ndiye aliyekosekana katika santuri nyingi za bendi zetu.

Yafaa kwanza tumjue mpigaji. Wes alizaliwa Indianapolis mwaka 1923 akafa huko huko mwaka 1968, umri wake miaka 45. Hakusoma muziki wa maandishi. Alijifunza gitaa kwa kuzifuata santuri za Charlie Christian, akizikariri solo zake sauti kwa sauti, kama mwanachuoni akaririvyo matini kabla ya kuifasiri. Kwa miaka mingi alifanya kazi kiwandani mchana akapiga gitaa usiku, maana alikuwa na jamaa kubwa ya kulisha. Nyuzi alizipiga kwa dole gumba badala ya kijiti. Na sababu yake si falsafa, bali ni kwamba alikuwa akijizoeza nyumbani wakati watu wamelala, na gumba lina sauti ya upole. Kutokana na haya kilizaliwa kitu ambacho hakuna shule iliyokipanga: sauti nene, ya joto, isiyo na ukali wa chuma.

Sasa tuisikilize kazi yenyewe. Wimbo wa kwanza, uliopewa jina la santuri, Wes aliutunga mwenyewe katika mwendo wa mapigo matatu. Gitaa na saksafoni huutamka wimbo pamoja, kisha kila mmoja hupewa nafasi yake ya kusema. Mwenye kusikiliza kwa mara ya kwanza huenda akafurahishwa na wepesi wa vidole. Asikilizaye mara ya tano hugundua kwamba jambo kubwa ni mpango. Solo ya Wes ina desturi ya kupanda ngazi tatu. Kwanza hupiga sauti moja moja, kama mtu asimuliaye. Pili hupiga sauti ile ile katika nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini kwa pamoja, kama mama na mtoto wakiimba wimbo mmoja. Tatu hupiga nyuzi nyingi kwa mkupuo, na hapo gitaa moja hugeuka kundi zima. Mzigo wa sauti huongezeka ngazi kwa ngazi, na msikilizaji hajui ni saa ngapi ameinuliwa.

Katika "Blue 'n' Boogie", wimbo wa Dizzy Gillespie, mpango huo waonekana wazi kuliko pengine pote. Mwendo ni wa mbio, na mpigaji dhaifu angetoa vyote alivyo navyo katika dakika mbili akabaki mtupu. Wes hana haraka. Anajua kwamba aweza kukaa katika ngazi ya kwanza muda autakao, kwa kuwa mbele yake wamo watu wanaoisubiri ya pili. Hapa ndipo ninapomwona yule wa sita. Makofi yanayosikika baada ya solo ni ushahidi mdogo tu wa kuwapo kwake. Ushahidi mkubwa umo ndani ya solo yenyewe, katika subira yake. Mtu hajengi ngazi ya namna ile kwa ajili ya ukuta. Hujenga kwa ajili ya nyuso azionazo zikibadilika.

Kisha, ili tusidhani kwamba ukumbi wataka kelele tu, yupo "I've Grown Accustomed to Her Face", wimbo wa taratibu uliotoka katika mchezo wa kuigiza wa My Fair Lady. Ndicho kipande kifupi kuliko vyote. Saksafoni imenyamaza, ngoma zanong'ona, gitaa lausema wimbo karibu kama ulivyo, bila majigambo. Watu wa ukumbini wanyamaza nao. Ukimya huo ni tuzo vile vile. Kunyamaza kwa watu waliopo si sawa na kutokuwapo kwa watu, kama vile kimya cha msikitini wakati wa hotuba si sawa na kimya cha nyumba isiyo na mwenyewe.

Kuna atakayeuliza: wajuaje kwamba ni ukumbi uliofanya haya, na si ustadi wa mpigaji peke yake? Swali ni la haki, na bahati njema Wes mwenyewe ametuachia kipimo. Mwaka 1965, akiwa na Kelly, Chambers na Cobb, alitoa santuri iitwayo Smokin' at the Half Note. Jina lataja klabu ya New York, lakini katika nyimbo tano za santuri hiyo ni mbili tu zilizonaswa klabuni. Tatu zilipigwa baadaye katika studio ya Rudy Van Gelder, katika New Jersey. Tunao basi watu wale wale, vyombo vile vile, mwaka ule ule, na tofauti kubwa ni kuwapo au kutokuwapo kwa wasikilizaji. Nyimbo za studio ni nzuri kweli kweli. Kila mshono umefungwa, kila wazo limekoma mahali pake. Lakini "No Blues", uliopigwa klabuni, wakaribia dakika kumi na tatu, na ndani ya muda huo Wes hulishika wazo moja dogo, akaligeuza, akalirudia, akalirudia tena, mpaka marudio yenyewe yakawa moto. Katika studio mtu huona haya kurudia. Ukumbini marudio ni ombi la watu, naye huyaitikia.

Neno hili "marudio" ndilo linalonirudisha nyumbani, kwa kuwa ndilo shitaka linalotolewa kila mara juu ya magitaa yetu.

Bendi zetu za dansi zilijiita kwa jina la Jazz tangu zamani. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, Nuta Jazz mwaka 1964. Jina lilitoka Marekani, lakini muziki haukutoka huko. Ulikuwa na baba wengi, baadhi yao wakiwa wa Cuba na Kongo, na mama zake ni ngoma zetu na ushairi wetu. Umbo lake mashuhuri lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya maneno: beti huimbwa, kiitikio hurudi, na kisa husimuliwa kwa utulivu. Sehemu ya pili ni ile ambayo wanamuziki huiita chemko. Hapo maneno hupungua na magitaa hutwaa utawala. Gitaa la rithim hushika mchoro mmoja lisiuache. Gitaa la pili hushika mchoro mwingine unaopishana na ule wa kwanza. Besi hutembea chini yao. Na gitaa la solo hupita juu. Kila mchoro peke yake ni mdogo, hata mtoto aweza kuufuata. Vikiwekwa pamoja vyawa kama chane za ukili mikononi mwa mama asukaye mkeka: huwezi kuutoa mmoja bila kuufumua mkeka wote.

Sasa tazama lililotokea mkeka huo ulipopelekwa kwenye santuri. Santuri ndogo ya enzi hiyo ilichukua dakika tatu au nne hivi kila upande. Maneno hayakuweza kuachwa, kwa kuwa watu walinunua kisa. Basi kilichopunguzwa ni chemko. Pengine wimbo uligawanywa, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza santuri pale pale miguu ilipoanza kupata moto. Katika ukumbi chemko hilo halikuwa na kipimo cha saa. Mpiga solo alitazama miguu ya wachezaji; ikiwa bado yataka, aliendelea; ikichoka, alifunga. Mwenye mamlaka ya kumaliza wimbo alikuwa mchezaji. Katika santuri mamlaka hayo yalichukuliwa na upana wa kipande cha plastiki.

Kwa watu wa Dar es Salaam au Morogoro hasara hiyo haikuwa kubwa, kwani Jumamosi ikifika waliweza kwenda wenyewe ukumbini wakaupata wimbo mzima. Sisi wa Mikindani tulikuwa mbali. Mji wetu ulikwisha pokonywa meli zake, tangu bandari ya maji marefu ilipojengwa Mtwara kwa ajili ya ule mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Njia ya nchi kavu ilikuwa na Mto Rufiji, ambao haukupata daraja kubwa mpaka mwaka 2003, na masika yalipoingia barabara ilikuwa jina tu. Kwa hiyo gitaa la dansi lilitufikia zaidi kwa redio. Kwetu santuri haikuwa ukumbusho wa muziki uliosikiwa mahali. Santuri ndiyo iliyokuwa muziki wenyewe.

Nataja jambo moja la utotoni kwa sababu lina fundisho. Katika miaka ya themanini vijana wa mtaani kwetu walitengeneza magitaa kwa makopo ya mafuta na nyuzi za mishipi ya kuvulia. Walizijua nyimbo za redioni kwa usahihi wa kutisha: walipiga utangulizi, wakaimba beti, wakaingia katika chemko, na pale santuri ilipokoma nao walikoma, pale pale, kama waliokatwa na kisu. Usiku mmoja, barazani, bibi mmoja wa Kimakonde aliyekuwa akiwasikiliza aliwauliza, "Wajukuu zangu, mbona mnaondoka? Ngoma ndiyo kwanza imepata moto." Wakamjibu kwamba wimbo umekwisha. Bibi akacheka sana. Alikuwa ametokea katika ngoma ambazo wapigaji huzianika kwanza karibu na moto mpaka ngozi zikaze, kisha huanza. Na kama ngozi ikilegea hurudi motoni, kisha huanza tena. Katika ngoma kama sindimba mpigaji hutazama kiuno cha mchezaji, na mchezaji husikiliza mkono wa mpigaji, na hakuna aliye bwana wa mwenziwe. Kwa mtu wa malezi hayo, wimbo unaokwisha ilhali watu bado wataka ni kitu cha kuchekesha.

Vijana wale hawakuwa na kosa. Wes naye alianza kwa kukariri santuri za mtu mwingine, na inasimuliwa kwamba kazi yake ya kwanza aliipata kwa sababu aliweza kuzipiga solo za Charlie Christian kama zilivyo. Santuri yaweza kufundisha vidole. Lakini Wes alipata baada ya hapo miaka mingi ya kumbi za usiku, ambazo zilimfundisha kile kisichoandikwa katika santuri: muda gani wa kungoja, lini pa kupanda, lini pa kurudia. Vijana wetu walipewa nusu ya kwanza ya elimu, nusu ya pili ikabaki ng'ambo ya Rufiji.

Tukiyajua haya, tutakuwa na uangalifu zaidi katika hukumu zetu. Nimesikia mara nyingi, hata katika vyumba vya masomo, ikisemwa kwamba gitaa la dansi letu ni la kurudiarudia, halina ujenzi, halifikii daraja la jazi ya Marekani. Anayesema hivi hulinganisha vitu visivyolingana. Huchukua kwa upande mmoja Wes wa ukumbini, mwenye dakika tisa na watu mbele yake, na kwa upande wa pili Mbaraka Mwinshehe wa santuri ndogo, mwenye dakika moja na nusu ya chemko na ukuta mbele yake. Mbaraka, aliyezaliwa mwaka 1944, ndiye aliyeipa Morogoro Jazz sauti yake, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Watu walimpa lakabu ya Soloist National. Lakabu hiyo haikutoka kwa mhakiki wala kwa profesa. Ilikuwa tuzo ya wale waliomsikia. Sikiliza solo zake kwa sikio lililokwisha zoea ngazi za Wes, nawe utaona kwamba mwanzo wa ngazi upo: wazo dogo hutajwa, hurudiwa, husogezwa kidogo, hurudiwa tena kwa mkazo mwingine. Kisha wimbo wakoma. Tunaona vidato viwili vya kwanza, halafu tunamlaumu fundi kwamba hakujenga ngazi.

Hata hivyo mhakiki asipendelee. Yapo mambo mawili yanayopaswa kusemwa dhidi ya hoja yangu. La kwanza ni kwamba santuri ya ukumbini nayo si kweli tupu. Mwaka 2023 kazi ya Tsubo ilitolewa upya kwa ukamilifu, na humo ulipatikana wimbo "Full House" ukiwa na solo ya awali ya Wes, ambayo toleo la mwaka 1962 liliiweka kando. Kwa hiyo hata pale, mkono wa mhariri ulipita. Twajifunza kwamba kila santuri ni chaguo la mtu. La pili ni kwamba studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam yastahili shukrani kabla ya lawama. Bendi ziliingia humo zikapiga pamoja, wote kwa mara moja, na kanda zile ndizo zilizohifadhi sehemu kubwa ya muziki wa dansi tulio nao leo. Bila hizo hata mabishano haya yasingekuwapo. Silaumu kwamba studio ilikuwa studio. Nasema tu kwamba lililo ndani ya studio tusilidhanie kuwa ndilo lote lililokuwapo.

Waingereza na Wamarekani walizipeleka mashine kumbini mapema, kwa kuwa walikuwa na kampuni zilizotumaini faida. Santuri za bendi zetu nyingi zilichapwa Nairobi, nasi hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa. Lakini baadaye zilikuja redio za kaseti, na katika miaka ya sabini na themanini watu walizibeba mpaka kumbini wakazibonyeza kimya kimya. Kaseti hizo ni chafu. Zina kelele za chupa, maongezi ya meza ya jirani, na sauti ya mtu aitaye nduguye. Mtu wa studio angezitupa. Mimi nasema kelele hizo ndizo hati za urithi wetu, maana ndani yake mna yule wa sita. Zimo katika masanduku chini ya vitanda, Mtwara, Tanga, Tabora na kwingineko, na unyevu wa pwani hauna huruma na kanda. Kila masika yanayopita yanatufutia ukumbi mmoja. Vyuo vyetu, ambavyo vimetumia jasho jingi kukusanya tenzi katika hati za Kiarabu, vingefanya vema kuzitafuta kaseti hizi kwa bidii ile ile, na kuwauliza waliozinasa majina ya wapigaji wakati wenyewe wangali hai.

Tuliwahi kuufanyia ushairi wetu kosa kama hili. Kwa muda mrefu tuliusoma kwa macho, tukauhesabu mizani na vina, tukasahau kwamba ulitungwa uimbwe mbele ya watu, na kwamba malumbano ya washairi yalikuwa na hadhira iliyoshangilia na kuzomea. Baadaye tulijirudi, na ushairi ukatufungukia upya. Gitaa lingojea kurudiwa kwa namna hiyo hiyo.

Nilipomaliza kuisikiliza Full House kwa mara ya mwisho kabla ya kuandika makala haya, makofi yalikuwa bado yakisikika. Ni makofi ya watu wasiojulikana majina, na wengi wao bila shaka hawako tena duniani. Lakini walimtunza mcheza kwao usiku ule, na tuzo yao imo ndani ya santuri pamoja na gitaa, haitengani nalo. Waliomtunza Mbaraka walikuwa wengi zaidi. Ni haki yao nao wasikiwe.